Kikombe cha Tatu cha Tsigereda Demissie

Baba zetu mapadri, wazee wa iddir yetu ya kuzikana mliosimamisha hema na kupanga viti, majirani wa hapa Bahir Dar, ndugu mliotoka Debre Markos, na ninyi wageni ambao hadi juzi mlikuwa majina tu ndani ya simu ya dada yangu: poleni kwa msiba. Mimi ni Getnet Demissie, niliyemfuata marehemu kwa kuzaliwa. Kazi yangu ni kuuza matairi, sikusomea kuandika, kwa hiyo mtanivumilia. Tarehe zote nitakazotaja ni za kalenda yetu. Mliotoka Ulaya na Amerika ongezeni wenyewe miaka saba au minane, na mwongeze kwa uangalifu, kwa sababu hesabu hiyo ilimliza marehemu kuliko hata ugonjwa uliomuua. Aliniagiza niisome habari hiyo leo. Familia ikaona afadhali isisomwe. Nitaifikia.

Tsigereda Demissie alizaliwa tarehe 11 Tir 1966 mjini Debre Markos, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa hayati Mzee Demissie Wolde na Mama Yeshi Tegegne. Ilikuwa siku ya Ubatizo wa Bwana na mji mzima ulikuwa umetoka kwenda kunyunyiziwa maji, mkunga naye akiwamo. Mama alijifungua akisaidiwa na jirani mmoja tu, bibi aliyekuwa kiziwi kabisa. Hadi leo mama akiulizwa kwa nini bintiye alikuwa na sauti kubwa vile, hujibu, "Mtu wa kwanza kumsemesha duniani hakumsikia. Akajifunza kurudia."

Alipokuwa na miaka saba aliingia kanisani na konokono aliowafunga kwenye ncha ya shuka yake nyeupe. Wakati wa sala fundo likalegea. Mmoja akapanda mguu wa mzee aliyekuwa amefumba macho, na mzee akadhani ameguswa na kitu kingine kabisa. Baba alimtoa nje amemshika sikio, akamuuliza, "Hawa umewaleta kufanya nini humu?" Akajibu, "Nimewaleta wasikie." Baba alitaka kumchapa, ila kicheko kilimzidi nguvu.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hukohuko Debre Markos, akamaliza mwaka 1984. Alipata shahada ya biolojia katika Chuo Kikuu cha Addis Ababa mwaka 1988, na baadaye shahada ya uzamili. Somo lake lilikuwa wale konokono wa ziwa letu wanaobeba kichocho. Mjomba Workineh, aliyemlipia nauli miaka yote hiyo, alitembea mji mzima akisema mpwa wake anasomea udaktari. Alipoelezwa ni konokono, akasema, "Basi watibiwe nao." Kuanzia mwaka 1989 Tsigereda alifanya kazi hapa Bahir Dar, katika kituo cha utafiti wa viumbe vya majini, na hakuhama tena.

Mwaka 1991 darubini ya maabara yake iliharibika, akaja kuitengeneza fundi mmoja mpole kutoka Gondar, Beyene Asres. Wiki iliyofuata ikaharibika tena. Mwezi uliofuata ikaharibika tena. Mkuu wa kituo akataka kununua nyingine, Tsigereda akamzuia: "Hii bado nzima, inataka tu kuangaliwa mara kwa mara." Walifunga ndoa tarehe 20 Tir 1993, na Mungu akawajalia Ruhama na Naod. Shemeji yangu Beyene anasema katika ndoa yao hakuwahi kueleza jambo lolote mezani, hata la kodi ya nyumba, bila kuulizwa, "Ungemweleza hivyo mama yako, angeelewa?"

Sasa niseme habari ya hiyo simu. Kwa miaka mingi marehemu aliandika makala za kitaalamu. Moja ilimchukua miaka mitatu, ikatoka katika jarida la nchi za nje. Akanipigia, "Getnet, makala yangu imesomwa na watu wanne." Nikampongeza. Akasema, "Mmoja ni mimi." Siku hizohizo alikuwa kwenye kahawa kwa jirani yake Mama Tirunesh, na wanawake wakamuuliza hasa kazi yake ni nini, maana walimwona tu akirudi na matope miguuni kama mkulima wa mpunga. Akawaeleza, kikombe mkononi, kwa nini mtoto akioga pale penye majani ya majini baadaye anaharisha damu. Kesho yake Mama Tirunesh alikwenda ziwani kuwatoa wajukuu wake kwa fimbo. Tsigereda alirudi nyumbani akashindwa hata kuketi. Akamwambia Beyene, "Miaka mitatu, watu wanne. Kikombe kimoja, na watoto wametoka majini."

Ndipo mwezi Meskerem 2009 alipofungua kundi la Telegram akaliita Jebena, jina la birika letu la udongo la kahawa. Alianza na wenzake wachache: mganga wa mifugo wa Jijiga, mfamasia Sisay Alene wa Gondar, mwalimu wa fizikia wa Arba Minch, mtangazaji mmoja wa redio. Watu hawa walikuwa wakieleza sayansi mitandaoni kila mmoja peke yake, kila mmoja akitukanwa peke yake, na kila mmoja akidhani labda ana kichaa. Leo wako maelfu, wanaandika kwa Kiamhari, Kioromo, Kisomali na Kitigrinya, wanatafutiana kazi, wanafundishana kuchora na kurekodi. Daktari kijana wa Dire Dawa aliposhambuliwa mtandaoni kwa kueleza chanjo, wana-Jebena walipokezana zamu ya kujibu matusi ili yeye apate kulala.

Kuingia Jebena huulizwi cheti. Unaambiwa utoe kahawa, yaani ueleze jambo moja la kazi yako kwa maneno yanayoweza kusomwa kabla birika halijachemka. Profesa mmoja alirudishwa mara kadhaa, hadi Tsigereda akamwandikia mbele ya watu wote: "Kaka yangu, birika limechemka, limemwagika, moto umezima, na wewe bado uko kwenye utangulizi." Profesa huyo ameketi pale karibu na nguzo ya hema. Naona anacheka, kwa hiyo yamekwisha.

Andiko lilitolewa kwa vikombe, kama kahawa yenyewe. Kikombe cha kwanza, mwenye jambo anaweka andiko lake. Cha pili, mwenzake wa fani ileile analipekua bila huruma. Likipita, linatoka kwa umma. Nyumbani kwetu kahawa ni vikombe vitatu, na cha tatu ndicho baraka, hata jina lake ni hilo. Lakini Jebena ya miaka ile ya mwanzo iliishia viwili. Hakuna aliyeliona hilo kuwa neno.

Mimi nilikuwa nikimtania. Nilimwambia, "Unakunywa kahawa na watu usiojua hata wananukaje. Siku ukifa, iddir itakuja na hema. Hao wa simu watakuja na nini?" Akasema, "Watakuja na maswali." Jana nimeulizwa na wageni watatu mbalimbali kwa nini tairi hupasuka upande wa ndani. Nimewaeleza, na mmoja akaniambia nianze upya.

Mwezi Tikimt 2016 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Hakuificha. Aliieleza Jebena nzima, nywele zilipomnyonyoka, kichefuchefu kilipomshika, na siku alipoogopa alisema ameogopa. Mama alimpeleka kwenye maji ya baraka, naye alikwenda. Akaandika: "Maji ya baraka alfajiri, dawa ya hospitali saa nne. Mama hajanikataza ya hospitali, daktari hajanikataza ya kanisani. Ikikulazimu kuchelewa, usichelewe ya saa nne." Mama alinuna siku mbili. Kisha padri wa mama akamwomba Tsigereda amtumie maneno hayo ili awasomee wagonjwa wengine, na kununa kukaisha.

Alituaga asubuhi ya tarehe 12 Hidar 2018, siku ya Mtakatifu Mikaeli, ambayo mji mzima huchoma taka kama tulivyorithi kwa waliotutangulia tangu ule ugonjwa mkubwa wa mafua. Kila mwaka siku hiyo marehemu aligombana na mtaa mzima: chomeni majani, msichome plastiki. Moshi ukaingia dirishani. Beyene akainuka afunge. Tsigereda akamwambia, "Acha. Nani anachoma plastiki?" Beyene akanusa, akamjibu, "Ni majani matupu." Akasema, "Basi mwaka huu wamesoma." Baada ya hapo hakusema tena neno tulilolisikia vizuri, na kabla ya saa sita alikuwa amekwisha kwenda.

Karatasi mlizopewa mlangoni zinaishia hapo, kisha yanakuja majina ya walioachwa. Msizikunje bado.

Jana jioni nilisoma maneno hayo nyumbani kwa marehemu, mbele ya ndugu, kahawa ikimiminwa. Miongoni mwa waliokuja alikuwa Mama Askale Mengistu wa Wanza Ber, kijiji kilicho pembeni mwa ziwa. Nilipomaliza kusoma tulikuwa tumemaliza kikombe cha pili. Mama Askale akaweka kikombe chini, akajitanda shuka, akasimama. Kwetu hakuna anayefanya hivyo. Mjomba Workineh akashtuka.

"Mama Askale, unakwenda wapi? Cha tatu hakijamiminwa. Utaondoka bila baraka?"

"Mbona ninyi mmeondoka? Mmesoma vikombe viwili vya binti yenu, mkafunga karatasi."

Mjomba akainamisha kichwa, maana alijua anazungumzia nini. "Marehemu hasemwi vibaya, mama."

"Nani amemsema vibaya? Alilisema mwenyewe, mbele ya wanawake wote wa Wanza Ber. Leo mkilificha, yeye mnamzika safi, na mimi narudi kijijini kuwa yule mwongo wa zamani."

Mama yangu Yeshi, ambaye tangu kifo hakuwa amesema na mtu, akaniambia, "Getnet, mketishe. Kesho usome yote." Kwa hiyo narudi nyuma, na yafuatayo hayamo kwenye karatasi zenu.

Mwezi Miazia 2013 shule za pembeni mwa ziwa zilikuwa zinajiandaa kuwapa watoto vidonge vya kichocho. Ni jambo ambalo dada yangu alilipigania nusu ya maisha yake. Siku moja kabla, mtu wetu mmoja aishiye Amerika alisambaza picha ya boksi la vidonge hivyo lililogongwa muhuri: mwisho wa matumizi, 2014. Akaandika kwamba watoto wa maskini wanalishwa sumu. Wiki hiyo yote Tsigereda alikuwa kwenye mikutano ya mtandaoni na wageni, meza yake imejaa tarehe za Kizungu, na kwao ulikuwa mwaka 2021. Aliiona hiyo 2014 akahesabu miaka saba nyuma. Akampigia Sisay, mfamasia wa Gondar, naye dawa zake zote huja na tarehe za Kizungu. Sisay akahesabu vilevile. Vikombe viwili vikawa vimenywewa. Tsigereda akaandika kwa jina lake: "Wazazi, zuieni dawa hii mpaka tupate maelezo. Muda wake umepita tangu 2014."

Muhuri ule uligongwa na mtunza ghala wa hapahapa, kwa kalenda yetu, ili walimu waelewe. Vidonge vilikuwa vizima hadi mwaka unaofuata. Muuza vitunguu yeyote sokoni angeisoma 2014 akajua ni mwakani.

Jioni ileile Sisay aliligundua hilo, akampigia, akasema maneno mawili tu: "Tsige, tumekwisha." Tsigereda akaandika sahihisho, na kabla halijatoka mtandao wa mkoa mzima ukakatika, haukurudi kwa siku kadhaa. Onyo lake lilikuwa limekwisha kuingia kwenye simu za watu, na huko vijijini lilitembea kwa miguu. Wanza Ber lilibebwa na Mama Askale. Alipita mlango kwa mlango akiwaambia wenzake, "Huyu mama wa konokono namfahamu, hajawahi kutudanganya." Asubuhi walimu walipowapanga watoto mstari, mama zao waliwashika mkono wakarudi nao nyumbani. Vidonge vikapelekwa kwingine.

Mtandao uliporudi alitoa sahihisho akalibandika juu kabisa ya ukurasa. Liko pale mpaka leo. Wengi walimshauri afute lile andiko la kwanza, watu watasahau. Alikataa. Alisema, "Nikilifuta, waliokwisha kuliona watabaki nalo, na mimi nitabaki msafi."

Miezi ikapita. Muuguzi mmoja wa Jebena akamwambia kuna msichana wa Wanza Ber amelazwa, tumbo limevimba, anaharisha damu, jina lake Fikirte, binti wa Askale Mengistu. Tsigereda hakumaliza chakula. Alikwenda Wanza Ber peke yake. Nilimuuliza baadaye kama aliogopa, akaniambia mlango ule ulikuwa mzito kuliko milango yote aliyowahi kugonga.

Mama Askale akafungua, akamtazama. "Wewe ndiye wa kwenye simu."

"Ndiye."

"Mwanangu yuko hospitali. Na majirani hawaji tena kwangu kunywa kahawa. Wanasema niliwanyima watoto wao dawa."

Dada yangu, kama kawaida yake, akaanza kueleza habari za kalenda mbili. Mama Askale akamkata: "Mimi usinieleze. Mimi yangu yamenifundisha. Waeleze wao."

Akakaanga kahawa, akatuma mtu kuwaita wanawake. Walikuja, wengine kwa kutaka tu kumwona huyo mama wa konokono anafananaje. Tsigereda akasimama katikati yao, akasema: "Kosa ni langu. Niliandika nisilolijua. Askale aliwaletea maneno yangu kama nilivyoyaandika, hakutia hata chumvi. Mkitaka kumchukia mtu, huyu hapa." Akaeleza, akaulizwa, akajibu, akalia. Kikombe cha pili kilipokwisha, aibu ikamwelemea, akajitanda shuka aondoke. Mama Askale akaishika ncha ya shuka.

"Kaa. Ndivyo mnavyofanya siku zote. Mnakunywa viwili, ninyi kwa ninyi, wasomi watupu, halafu mnaondoka. Cha tatu ni chetu."

Jebena mnayoijua leo ilizaliwa siku hiyo. Tangu wakati huo hakuna andiko linalotoka kabla ya kikombe cha tatu: lisomwe na mtu asiye wa fani, tena yule ambaye jambo lenyewe litamgusa nyumbani kwake, naye alirudie kwa maneno yake mwenyewe. Wa kwanza kukabidhiwa kikombe hicho alikuwa Mama Askale, na Fikirte, aliyepona kwa neema ya Mungu na matibabu, ndiye humsomea. Majibu yake mengi ni haya: "Sijaelewa. Anza upya." Profesa pale kwenye nguzo anayo mengi ya namna hiyo. Majirani walirudi kunywa kahawa kwa Mama Askale. Hata hivyo alitaka neno hilo lisemwe pia palipo na watu wengi, kwa sababu uongo uliokwenda kwa jina lake ulikwenda mbali kuliko kijiji chake. Ninasema sasa, mbele ya mapadri na mbele ya kaburi: Mama Askale hakudanganya mtu.

Marehemu alipokuwa kitandani aliniita akaniambia, "Getnet, siku ya kusoma maisha yangu usiniache na vikombe viwili." Niliitikia. Kisha wazee wakasema, na mimi nikawasikiliza wazee. Asubuhi ya leo nilimpelekea Mama Askale maneno haya kabla ya kuja kwenu, Fikirte akamsomea mwanzo hadi mwisho. Alinirekebishia pahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika "kosa dogo." Akasema, "Toa hilo dogo." Nimelitoa.

Tsigereda ameacha mume, Beyene Asres; watoto wawili, Ruhama na Naod; mama yake mzazi, Mama Yeshi Tegegne; wadogo zake watatu, mimi Getnet, Zinash na Aschalew; na Mjomba Workineh, ambaye bado anawaambia watu kwamba mpwa wake alikuwa daktari. Ameacha pia Jebena, mikononi mwa Sisay Alene, ambaye ameniomba niseme kwamba naye alihesabu vibaya siku ile. Na ameacha kikombe cha tatu kwa Askale Mengistu na wenzake wote wa mikoa yote wanaokinywa kwa niaba yetu.

Tsige, dada yangu, kwetu mtu haondoki kabla ya cha tatu. Kimemiminwa, na aliyekimimina ni Askale. Sasa waweza kwenda. Pumzika kwa amani.